Alama ya Penseli

Mzee Magamba alikuwa ameishika kalamu ya kumpeleka mwanawe mahakamani, na kalamu ilikuwa imegoma.

Aliikung'uta. Akaisugua kwenye kiganja. Akaipulizia ncha kama mtu anayeamsha moto wa jikoni, kisha akaikandamiza tena mwishoni mwa karatasi ya malalamiko, pale penye nukta nukta. Ikachora mfereji mkavu.

"Serikali gani hii," alisema, "inayokuja kukamata wahalifu na kalamu iliyokufa?"

"Ijaribu tena," alisema Inspekta Kinyonga. "Huwa inazinduka."

Alikuwa na nyingine nzima kwenye mfuko wa ndani wa koti. Hakuitoa.

Inspekta aliitwa Kinyonga kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa na safari zake. La kulia likikutazama wewe, la kushoto linaweza kuwa linasoma kalenda ukutani, na wezi wengi walikuwa wamekiri makosa yao kwa kuchoka tu kubahatisha waangalie lipi. Asubuhi hiyo la kulia lilikuwa juu ya mzee. La kushoto lilikuwa dirishani, kwenye geti la shamba, ambako watu walikuwa wanazidi kujaa.

Hao walikuwa wakusanya mayai wa kando ya mto. Kila msimu walivizia mamba jike akitoka kwenye kiota, wakafukua mayai na kuyaleta kwenye shamba la Mzee Magamba yatotolewe. Watoto wakikua, baadhi walichunwa ngozi na baadhi walirudishwa mtoni, yote kwa kibali. Mchana huo Tume ya wanyamapori ilikuwa inakaa mjini kuamua kama kibali hicho kiendelee, au biashara ya mamba ipigwe marufuku moja kwa moja, mtu asiwaguse kwa ngozi wala kwa yai. Na jana yake mayai ya msimu mzima yalikutwa yamekufa. Aliyewekwa mahabusu kwa kuyaua alikuwa binti pekee wa mwenye shamba, mtaalamu wa wanyama ambaye kila mtu alimwita Daktari, na ambaye ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya Tume kutaka marufuku.

Baba akitia saini, binti anapandishwa kizimbani leo hii. Ndiyo maana kalamu ilikuwa mbovu.

"Nieleze tena, mzee," alisema inspekta. "Mimi mzito wa kichwa. Nieleze kama unamweleza mtoto wa chekechea."

Mzee Magamba alishusha pumzi. Alikuwa mtu mpana, na shingo yake, kwa miaka ya kukaa juani na mamba, ilikuwa imeanza kufanana nao.

"Yai la mamba haligeuzwi. Likishatagwa, mtoto hujishika kwenye ganda upande wa juu, kama popo darini. Ukiligeuza anazama kwenye uji wake mwenyewe. Kwa nje huoni kitu. Halijapasuka, halinuki. Kwa hiyo mkusanyaji, kabla hajalinyanyua, huchora alama ya penseli juu yake, na alama inakaa juu mpaka siku ya kutotolewa. Sasa, ni nani aliyeleta penseli hapa? Ni yeye. Akiwa bado mwanafunzi. Aliwapanga mstari wote, nyapara, wakusanyaji, walinzi wa geti, akawafundisha mmoja mmoja. Niambie wewe, nani mwingine anajua kuua yai bila kulivunja?"

"Wote uliowataja."

"Hao wanaishi kwa mayai hayo."

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Mayai yakifa yenyewe, Tume itasema huwezi kazi. Yakiuawa na mpinzani wako, Tume itakuonea huruma."

Mzee alisimama, na kiti kikasimama naye kabla ya kuanguka. "Usingekuwa na hicho kitambulisho, ningekupeleka ukamsalimie Mwenyekiti."

Mwenyekiti alikuwa mamba dume wa bwawa kubwa, mzee kuliko shamba lenyewe. Ilisemekana aliwahi kumeza toroli la kubebea samaki, gurudumu na mipini yake, na kwamba siku za mawingu akijigeuza ulisikia gurudumu likilia tumboni. Nyapara aliapa kwamba amelisikia. Nyapara aliapa mambo mengi.

Jiwe lilidunda juu ya bati la ofisi, likabingirika, likaanguka nje. Mlango ulifunguliwa na Konstebo akaingiza kichwa, jasho jembamba likimtoka.

"Afande, wamesikia binti analetwa hapa kwanza. Wanasema gari halipiti."

"Nani ameagiza aletwe hapa?" mzee aliuliza.

"Mimi," alisema inspekta. "Wewe endelea na kalamu."

*

Chumba cha kutotolea hakikuwa na dirisha. Konstebo alibandua utepe wa polisi, na joto likampokea inspekta usoni kama taulo lililochovywa maji ya moto. Rafu za mbao zilipanda ukutani mpaka karibu na dari, zimebeba makasha ya plastiki yenye vifuniko. Pembeni hita ilikuwa inanguruma polepole.

"Mlisema nizime umeme wa humu kulinda ushahidi," Konstebo alisema. "Huyu nyapara alilia. Nikaona aibu, nikauacha."

"Umefanya vizuri."

Nyapara mwenyewe alisimama mlangoni, mrefu, amepinda upande wa kulia kama mti uliozoea upepo.

"Umefanya nini ubavu?"

"Mwenyekiti alinichapa mkia mwanzo wa msimu, afande. Niliruka ukuta bila kuugusa. Walioona wanasema nilikaa huko juu mpaka chai ikapoa."

"Hospitali ulikaa muda gani?"

"Mpaka mbavu zilipokumbukana. Wiki kadhaa."

"Na chumba hiki?"

"Mayai yote tulikuwa tumeshayapanga. Ufunguo nikamwachia mzee."

Inspekta alifunua kasha la rafu ya kati. Mayai yalikuwa yamelala kwenye maranda ya mbao yenye unyevu, meupe, marefu kuliko ya kuku, na kila moja lilikuwa na mkwaruzo wa penseli juu yake.

"Pasua moja."

Nyapara alitoa kimkasi, akakata ganda taratibu kama kinyozi anayemnyoa bosi. Ndani, kwenye maji ya rangi ya chai, kilikuwemo kijusi kimejikunja, chembamba kuliko kidole cha mwisho cha mtoto.

Konstebo alitazama kando.

"Kama angekuwa hai," alisema inspekta, "leo angekuwa na ukubwa gani?"

"Leo? Anajaza ganda lote. Wiki hii ndiyo ya kuita, afande. Mtoto akiwa tayari anaita akiwa ndani. Huko mtoni mama yake husikia, akaja kumfukua. Hapa mama ni mimi. Jana nilikuja kusikiliza, sikusikia mtu. Ndipo nikapasua moja, la pili, la tatu..."

"Kwa hiyo huyu hakufa juzi, wala wiki iliyopita."

Nyapara alikipima kijusi kwa ncha ya kidole.

"Hapana," alisema. "Huyu amekufa zamani. Amekufa nikiwa hospitali."

"Ulimwambia mzee?"

"Jana? Jana hata ungempigia ngoma sikioni asingesikia. Alishika neno moja tu: ni yeye, ni yeye."

"Daktari alifika lini?"

"Wiki iliyopita. Kabla ya hapo, tangu wagombane na baba yake mwaka jana, hakukanyaga. Alipofika mimi nilikuwa hapahapa. Alifunua kasha moja, hili hili, akaangalia. Akafunika polepole kama anayefunika maiti. Akatoka bila kuniaga, na yule si mtu wa kutoaga."

"Aligusa yai?"

"Hakugusa."

"Huenda alimtuma mtu mwanzoni, afande," alisema Konstebo. "Halafu wiki iliyopita akaja kukagua kazi."

Hilo lilikuwa linawezekana, na kama lingekuwa kweli lingekuwa baya kuliko yote. Inspekta alichuchumaa. Alileta yai karibu na jicho lake la kulia na kuliacha la kushoto liendelee na rafu.

Penseli ilikuwa imefifia, imepakazika. Juu ya alama, vipande vidogo vya maranda vilikuwa vimegandia na kukauka. Akaligeuza. Chini nako vilikuwepo.

"Nyapara. Maranda yanapandaje juu ya alama, ikiwa alama inakaa juu siku zote?"

"Hayapandi."

"Basi yai hili liliwahi kulala kifudifudi. Na sasa limelala chali. Limerudishwa."

"Alirudisha ili asijulikane," alisema Konstebo.

"Sawa, mara moja. Tazama hapa lakini. Gamba la maranda juu ya gamba la maranda. Na penseli ilivyopakazika, imekwenda huku, imekwenda na huku." Akachukua jingine, na jingine. Yote yalikuwa vilevile. "Mtu anayetaka kuua anageuza usiku mmoja anakwenda zake kulala. Huyu aligeuza, akarudisha, akageuza, akarudisha. Huyu alikuwa anakuja kazini."

Hita ilinguruma. Nyapara alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Na yale ya juu?" inspekta aliuliza, akinyoosha kidole kwenye rafu iliyokuwa karibu na dari.

"Yatakuwa vilevile. Mzee alisema tusiguse tena kitu, ni ushahidi."

"Leta ngazi."

Kabla ngazi haijaja, honi ya gari ililia getini, ndefu, isiyokatika, na juu yake sauti za watu.

*

Walikuwa wamelizunguka gari la polisi pande zote. Hakuna aliyepiga kelele za matusi. Wangepiga, inspekta angekuwa na amani zaidi. Walikuwa wameweka tu mikono yao juu ya bodi, wengi, na gari lilikuwa linayumba kidogo kidogo. Mbele yao alisimama mama mmoja mfupi na jembe begani.

Inspekta alipita katikati akisema samahani, samahani, kama mtu aliyechelewa harusini. Akapanda nyuma, akakaa mkabala na mtuhumiwa.

Daktari alikuwa mrefu kama baba yake alivyokuwa mpana. Kwenye kibenchi kile magoti yalimfika kidevuni. Pingu zilikuwa mikononi, na alikuwa anatazama sakafu.

"Wiki iliyopita ulifunua kasha."

"Nilifunua."

"Ukaona nini?"

"Mayai."

"Daktari."

"Andika mayai."

"Mwaka jana, mbele ya watu hawa, ulisema ungekuwa na uwezo usingeacha hata yai moja ndani ya chumba kile."

"Nilisema. Na mchana nitasema tena mbele ya Tume, kama mtanifikisha. Yangebaki mtoni."

"Yabaki mtoni yamfae nani?" Ni mama wa jembe, uso wake kwenye nondo za dirisha. "Sema hapa, usiende kusemea mjini. Kabla ya shamba hili mimi nikiona kiota cha mamba nakipiga jembe. Walinilia ndama, wakamla mbwa, wakabaki wananitazama mimi. Leo nalinda kiota kama nalinda mimba. Naweka miiba, nafukuza kenge. Ukipiga marufuku yako, jembe hili hapa, halijaenda popote."

"Najua, mama. Siku unaacha kupiga viota nilikuwepo."

"Sasa?"

"Sasa ngozi za mamba wakubwa wa mtoni, wanaouawa huko mbele kwa kificho, zinatoka nchini kwa kibali cha shamba hili hili. Baba hajui. Akiambiwa hataki kujua. Ngozi ikishafika dukani, wewe utaijuaje ni ya huku au ya kule? Zote zikiwa haramu, angalau anayeshika ngozi ni mwizi, hatuulizani."

"Na mimi nilinde viota bure? Mpaka lini?"

Daktari alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Hilo sina jibu zuri," alisema. "Nimelitafuta."

Mama alimtazama. Hakuondoa mkono kwenye nondo, lakini gari liliacha kuyumba upande ule.

Inspekta aliinama mbele. "Mayai yamekufa mwanzo wa msimu. Wewe ulikuwa mjini. Naweza kukutoa hapa sasa hivi ukinijibu moja. Wiki iliyopita uliona maranda juu ya alama. Uliona kama nilivyoona mimi, tena upesi kuliko mimi. Ulielewa nini?"

Daktari aligeuza macho getini, kisha bwawani.

"Unajua saini ya baba yako ikiingia pale, utetezi wako unakuwa na kazi ya mwaka mzima? Na Tume haitakusikiliza tena?"

"Najua."

"Na husemi."

"Hita ya chumba mmeizima?" aliuliza Daktari.

"Haijazimwa."

"Msizime. Tafadhali."

Inspekta alikaa na hilo neno. Mtu aliyeua mayai anaombea nini mayai yasipoe? Alimwangalia binti yule vizuri. Alikuwa ametazama geti, ametazama bwawa la Mwenyekiti, ametazama watu, ametazama pingu zake. Mahali pamoja tu hakutazama hata kwa bahati mbaya. Ni kwenye nyumba, upande wa jiko, ambako moshi mwembamba ulikuwa unapanda.

"Konstebo," alisema, akishuka. "Mfungue pingu. Akae nawe hapo. Anayetaka kumgusa aanze na wewe."

"Afande, mimi mwenyewe nilikuwa natafuta pa kukimbilia."

"Hapo hapo panatosha."

*

Jikoni alikuwepo Shangazi, dada mkubwa wa Mzee Magamba. Wafanyakazi wote walimwita Shangazi, na hata mzee mwenyewe akighafilika. Alikuwa mwanamke mdogo, mguu mmoja haukunji goti, na alitembea kwa kuushikilia ukingo wa meza. Mama yake Daktari alipofariki, mtoto alikuwa bado wa kubebwa. Aliyembeba ni huyu.

"Kaa, mwanangu," alimwambia inspekta. "Wamekupa chai? Hawajakupa. Mtoto amekula?"

"Yuko salama, Shangazi."

"Sikukuuliza kama yuko salama. Nimekuuliza kama amekula." Akamimina chai. "Nimemwambia ndugu yangu, mtoto yule hawezi kuua mende. Akiwa mdogo aliwahi kunifungia nje nilipotaka kuchinja jogoo. Nilikaa nje ya dirisha lile mpaka jioni."

Inspekta alicheka kidogo. Jicho lake la kulia lilikuwa juu ya kikombe. La kushoto lilikuwa limeshafika kwenye kona ya jiko na kusimama hapo.

Kwenye kona kulikuwa na boksi la karatasi ngumu, taa ndogo ikiwaka ndani, na maranda. Juu ya maranda mayai ya kuku yamepangwa. Kila yai lilikuwa na mkwaruzo wa penseli.

Aliweka kikombe chini pasipo sauti.

"Unatotolesha vifaranga, Shangazi?"

"Tangu nikiwa msichana. Kuku wote unaowaona uani wametoka kwenye boksi kama hili. Hata ningeatamia jiwe lingetoa kifaranga, ndivyo walivyokuwa wakinitania."

"Na hii alama ya penseli?"

"Ya kujua nimegeuza." Alimwonea huruma kwa kutojua. "Kuku mwenyewe akilalia si hugeuza kwa mdomo? Sasa hapa kuku ni mimi. Asubuhi alama juu, jioni alama chini. Usipogeuza, mtoto anagandia upande mmoja, anakufa. Kazi yake ni hiyo tu, ila haitaki uvivu."

Nyuma ya inspekta, mlango wa jiko ulijaa. Mzee Magamba alikuwa amesimama, kalamu mkononi, amemfuata inspekta kudai kalamu nyingine.

Inspekta hakugeuka. "Nyapara alipokuwa hospitali, ufunguo wa chumba alikuwa nao nani?"

"Mimi. Ndugu yangu alikuwa hashikiki, leo yuko mjini kwenye maofisi, kesho yuko mtoni. Akaniambia, dada, ninyunyizie maji humo, nisaidie. Nikamwambia hilo tu? Niachie."

"Ukanyunyiza."

"Nikanyunyiza. Na kugeuza." Alisema neno hilo kama mtu anayetaja kufunga mlango kabla ya kulala. "Nilihofia nitapoteza hesabu, mayai mengi vile. Kufunua kasha, naona wameshaniwekea alama. Nikasema, hawa watu wana akili, wamenirahisishia kazi. Asubuhi na jioni, goti na yote. Hakuna siku niliyoruka. Alipokaribia kurudi nyapara nikaziacha alama zote juu, kama nilivyozikuta."

Kalamu ilianguka sakafuni, ikabingirika chini ya meza.

"Ila ile rafu ya mwisho juu sikuifikia," aliendelea Shangazi. "Ngazi siwezi. Nilikuwa narusha maji tu kwa chini. Hao wa juu niliwadhulumu, mwanangu, mpaka leo inaniuma."

Kisha inspekta alisimama, taratibu, na kumgeukia mzee. Kwa mara ya kwanza macho yake yote mawili yalikuwa yanatazama mahali pamoja.

"Mliwapanga mstari wote," alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka walinzi wa geti."

"Watu wa nje," alisema Mzee Magamba. "Watu wa kazi. Huyu ni dada yangu. Nani angekaa amfundishe..."

Shangazi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Birika lilikuwa bado mkononi.

"Kwani hao waliokufa," aliuliza, "wamekufa na nini?"

Inspekta alifungua kinywa. Yeye kazi yake ni kusema kilichotokea, hajui nyingine. Lakini mzee alimtangulia.

"Joto, dada," alisema. "Hita. Joto liliwazidi. Nilinunua hita mbovu."

"Mzee," alisema inspekta. "Ukitamka hilo, Tume inakunyang'anya kibali leo hii. Mwenye shamba asiyeweza kutunza hata hita."

"Joto," alisema Mzee Magamba. "Andika joto. Nitaitia saini hiyo."

"Hiyo siandiki. Naandika nilichokiona, na nilichokiona hakina mshtakiwa."

Kutoka uani sauti ya nyapara ilipasuka, ikimwita mzee, ikimwita inspekta, ikimwita yeyote.

*

Ngazi ilikuwa imefika. Nyapara alikuwa juu yake, mbavu zake zimesahau ugonjwa, sikio lake limelazwa kwenye kifuniko cha kasha la juu kabisa. Daktari alikuwa tayari amesimama chini, mikono juu. Kwa urefu wake hakuhitaji ngazi. Konstebo alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Konstebo mama wa jembe, ambaye hakuna aliyejua ameingiaje.

"Nyamazeni," alisema nyapara.

Walinyamaza. Hita ilinguruma. Ndani ya kasha kitu kilikoroma, kifupi, kama mtu anayejaribu kusafisha koo bila kuwaamsha wenzake. Kikajibiwa na kingine kutoka kasha la pili.

Mzee Magamba alishika nguzo ya rafu.

"Ulijua," alimnong'oneza binti yake, bila kumtazama.

"Nilijua nilipofunua. Maranda juu ya alama. Ni mtu mmoja tu humu anayegeuza yai kwa mapenzi."

"Na ungepanda kizimbani."

"Ningesema nini, baba? Nitamke jina lake, wale watu getini walisikie?"

"Nimesema ni hita. Nimeshamwambia yeye. Nitaiambia Tume."

Daktari alipokea kasha la kwanza kutoka kwa nyapara na kuliteremsha kifuani kwake, sawasawa, halijainama hata kidogo. "Basi mchana nitakupinga kwa kila nilicho nacho," alisema. "Zile ngozi za mtoni nitazisema, na utanikasirikia. Lakini ya hita sitaigusa. Wakiniuliza, sijui habari ya hita."

"Ngozi hizo una ushahidi wake?"

"Ninao."

Mzee aliiachia nguzo. "Nionyeshe kwanza mimi," alisema. "Kabla yao."

Shangazi alikuwa amefika mlangoni, akijishikilia kwenye ukuta. Alikuwa amekuja mwenyewe, na goti lile, uani kote. Daktari alipomwona aliweka kasha kwenye meza ya chini mbele yake na kufunua, na wote wakasogea. Kwenye maranda, mayai yalikuwa yanatikisika. Alama za penseli zilikuwa juu yake nyeusi, kali, safi kama zilizochorwa jana. Moja lilipasuka, na pua ndogo yenye jino moja ikachungulia.

Shangazi alizitazama alama hizo muda mrefu. Kisha akatazama rafu ya kati, kwenye kasha lililoachwa wazi, ambako alama zilikuwa zimefifia na kupakazika.

Yai la pembeni, lenye mtoto anayehangaika, liliegemea upande. Mikono ya Shangazi ilitangulia yenyewe kwenda kulisaidia, vidole vimeshajikunja tayari.

Ikasimama hewani. Akairudisha nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko kwa nguvu, mmoja umemkamata mwenzake.

"Daktari," alisema, kwa jina hilo ambalo hakuwahi kumwita. "Nionyeshe basi. Hawa wanashikwaje?"